Tarakimu ya Ukaguzi

Karani wa leja alimjua mteja kwa jina na sura. Kompyuta inayopokea malipo leo haijui ila namba yake. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, fedha huweza kuandikiwa mtu mwingine, na aliyelipa akakatiwa maji.

Kinga yake ni hesabu nyepesi. Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliiombea hataza nchini Marekani mwaka 1954. Tutazame namba 12344. Ukianzia kulia, zidisha kila tarakimu ya pili kwa 2, kisha jumlisha zote: 4+8+3+4+1=20. Jumla hugawanyika kwa 10, hivyo namba hukubaliwa. Mteja akiandika 13244, jumla ni 21, mashine hukataa. Zao likizidi 9, tarakimu zake hujumlishwa kwanza.

Kanuni hii haigundui 09 ikigeuzwa 90. Kwa hiyo bado anahitajika mtu wa kulinganisha hesabu na stakabadhi kila siku. Lakini kampuni isiyoweka hata kinga hii ndogo haina haki ya kumtwika mteja lawama yote. Walimu wa hisabati, kipindi kimoja chatosha kulifundisha jambo hili.