Tuhamishe Picha Pamoja na Majina Yake



Huu ni wakati wa kuhama kwa wengi wetu. Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta kuukuu zinawekwa kando au zinauzwa. Ndani yake mna picha za nikaha, za Idi, za madrasa, na za wazee waliotangulia mbele ya haki. Aghalabu zimepangwa kwa Picasa, programu ya bure ambayo Google iliacha kuihudumia tarehe 15 Machi 2016.

Rai yetu ni hii: asihamishe mtu picha akaacha majina.

Wengi hudhani kunakili folda kwenye flashi kunatosha. Sivyo. Majina ya watu tuliyoyaandika kwenye Picasa kwa kawaida hayamo ndani ya picha. Yamo katika faili ndogo iliyofichwa ndani ya folda, iitwayo .picasa.ini, na programu nyingine nyingi haziisomi. Matokeo yake, sura zinafika salama na majina yanabaki nyuma.

Kwetu sisi hili ni jambo zito. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997, na mpaka wa Kenya na Uganda umepita katikati ya koo. Baba mdogo yuko Busia ya Kenya, shangazi yuko Tororo, binamu wako Malaba. Vijana wetu wanaosoma Nairobi au Kampala huwajua baadhi ya jamaa hao kwa picha tu. Aliyesimama nyuma ya bibi harusi ni nani? Nyanya anajua. Siku akiondoka, na jina limebaki katika kompyuta iliyokwisha kuuzwa, nani atatuambia? Tutaungaje undugu na watu tusiowajua?

Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kufuta au kuuza chochote, tunakili folda zote, pamoja na faili zilizofichwa, kwenye diski mbili. Moja ikae kwetu, nyingine kwa jamaa wa ng'ambo ya mpaka.

2. Picasa toleo la 3.9 ina chaguo la kuandika majina ndani ya picha zenyewe. Tulitumie kompyuta ya zamani ingali inawaka.

3. Kisha tufungue picha chache kwa programu mpya, kama digiKam, ambayo ni ya bure, tuone kama majina yamefika. Yakifika, ndipo tuhamishe zote.

4. Picha zisizo na majina, kijana akae na nyanya, aulize na kuandika.

Wapo watakaosema: "Tupakie zote Google Photos, yamekwisha." Hatuikatai, lakini isiwe ghala pekee. Tangu tarehe 1 Juni 2021 nafasi ya bure ni GB 15, nayo hugawanywa na barua pepe. Akaunti isiyotumika miaka miwili inaweza kufutwa. Na sisi wa mpakani tuna laini ya Kenya na laini ya Uganda: ukipoteza namba uliyofungulia akaunti, huenda ukashindwa kurudi ndani.

Tena kuna sitara. Picha za akina mama walizopigwa wao kwa wao harusini ni amana. Programu nyingi za simu hupakia picha zote zenyewe, na simu hiyo hupita mikono mingi nyumbani. Tuzitenge picha hizo kwanza, na tuwaulize wenyewe.

Wanafunzi, likizo ikifika kazi hii ni yenu. Ninyi mnaijua kompyuta, wazee wanazijua sura. Msingoje mmoja wao aondoke.

Wabillahi tawfiq.