Shule ikisema "hatuna uwezo" wa kumfundisha mtoto mwenye ulemavu, nani anaamua?

Katika vijiji vingi vya Shinyanga na Geita, mgogoro kati ya mzazi na shule kuhusu mtoto mwenye ulemavu hauna kelele. Mzazi anampeleka mtoto kuandikishwa. Mwalimu anamtazama, kisha anasema shule haina mwalimu wa elimu maalumu, labda ajaribu mjini. Mzazi anarudi nyumbani. Hakuna barua iliyoandikwa wala jina lililoingia kwenye daftari. Januari wenzake wanaingia darasani, yeye anabaki nyumbani.

Upo pia mgogoro wa upande wa pili. Maofisa wanashauri mtoto apelekwe shule ya bweni yenye walimu wa fani hiyo, mzazi anakataa kwa sababu hataki kumwacha mbali. Au mtoto yuko bweni tayari, likizo imefika, na hakuna anayekuja kumchukua.

Hayo yakitokea, nani ana neno la mwisho? Na wasipokubaliana, waende wapi?

Sheria inasema nini

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, ya serikali au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Inataka pia apewe huduma za kumsaidia kujifunza. Mwaka mmoja kabla, 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaozungumzia elimu jumuishi katika ibara ya 24.

Kwa hiyo jibu la "hatuna mwalimu" linaweza kuwa la kweli, lakini halifuti haki ya mtoto. Linaeleza tu kazi ambayo halmashauri haijaifanya.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inambana mzazi pia. Mzazi anayemficha mtoto nyumbani, au anayemtelekeza bwenini, anavunja wajibu wake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kumwita anayelalamikiwa, wakazungumza, na akatoa uamuzi kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Akikaidi, shauri linapelekwa mahakamani. Wengi hawajui kwamba njia hii ya usuluhishi ipo, na kwamba iko karibu na kijiji kuliko mahakama.

Funzo la Buhangija

Mfano mkubwa zaidi katika ukanda huu ni Shule ya Msingi Buhangija, Manispaa ya Shinyanga. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi Kanda ya Ziwa, kuanzia miaka ya 2008 na 2009, watoto walipelekwa huko kwa ajili ya usalama wao, wakakaa pamoja na wenzao wasioona na viziwi. Mwaka 2015, baada ya mtoto wa mwaka mmoja kutekwa na kuuawa wilayani Chato, mkoani Geita, hofu iliongezeka na shule ilikuwa na mamia ya watoto.

Kilichoanza kama hifadhi ya muda kikawa makazi ya miaka. Baadhi ya wazazi waliacha kuwatembelea. Agosti 2015 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilifika nchini kuchunguza vituo hivyo. Ripoti yake ya mwaka 2016 ilieleza msongamano na watoto kutenganishwa na familia zao.

Hapo kila upande ulikuwa na hoja. Serikali ilisema shule si nyumbani, mtoto anahitaji wazazi. Mzazi aliyejua kilichotokea kijiji cha jirani aliuliza nani atamlinda mtoto njiani asubuhi. Swali hilo halijazeeka. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na mwili wake ukapatikana mwezi uliofuata.

Funzo la Buhangija ni kwamba bweni si jibu la kudumu kwa kila mtoto, na nyumbani vilevile si jibu kwa kila mtoto. Uamuzi unapaswa kufanywa kwa mtoto mmoja mmoja, mzazi akiwepo, uandikwe, na uangaliwe upya kila mwaka. Penye uamuzi wa jumla usio na tarehe ya kuupitia upya, mtoto husahaulika.

Kwa nini walimu husema hapana

Mwalimu naye asikilizwe. Mwenye wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja, asiyejua lugha ya alama na asiye na mashine ya nukta nundu, hasemi hapana kwa ubaya. Walimu wa fani hii husomea vyuo vichache, kikiwemo Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na wakihitimu hawatoshi kufika kila kata.

Lakini halmashauri hupanga walimu, vifaa na fedha kwa kuangalia takwimu zinazotoka shuleni. Mtoto aliyekataliwa kwa mdomo hayumo kwenye takwimu hizo. Kwa hesabu za ofisi, kata yako haina mtoto kiziwi wala asiyeona, basi haihitaji mwalimu wala kifaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo hupotea hivyo hivyo.

Katika machimbo ya Geita tatizo ni kubwa zaidi. Familia inahama kutoka Nyarugusu kwenda Rwamgasa, kisha Katoro, kufuata dhahabu. Mtoto aliyepimwa na kuanza kusaidiwa katika shule moja anafika nyingine kama mgeni. Mzazi anayehama aombe barua ya uhamisho inayotaja hali ya mtoto na msaada aliokuwa akipata, pamoja na nakala ya majibu ya vipimo vyake.

Ngazi za kupita

Ya kwanza ni mwalimu mkuu. Omba kuonana naye kwa siku mliyopanga, na uende na mtu wa kukusaidia kukumbuka yaliyosemwa.

Ya pili ni kamati ya shule. Wazazi wana wawakilishi humo, na ajenda ya mtoto mwenye ulemavu inaweza kuingizwa kikaoni kama ajenda nyingine.

Ya tatu ni ofisa elimu kata, kisha ofisa wa elimu maalumu katika halmashauri. Huyu wa pili ndiye wa kumuuliza kuhusu upimaji wa mtoto na shule zenye kitengo maalumu. Wathibiti ubora wa shule wa wilaya nao hupokea hoja za wazazi.

Ikiwa jambo linahusu usalama, ukatili au kutelekezwa, usisubiri ngazi hizo. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

Yote yakishindikana, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko bila malipo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wanaweza kukuandikia. Vyama kama CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona na TAS cha watu wenye ualbino vina uzoefu wa kuongozana na wazazi ofisini.

Barua ya mistari mitano

Mzazi hahitaji mwanasheria kuanza. Karatasi ya daftari inatosha:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Yah: Kuandikishwa kwa mtoto wangu. Nilimleta mtoto wangu mwenye uoni hafifu tarehe fulani, nikaelezwa hatapokelewa. Naomba sababu kwa maandishi, na naomba apimwe ili ijulikane anahitaji msaada gani. Nakala: Ofisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa Kijiji."

Weka tarehe na sahihi, omba mhuri kwenye nakala yako, kisha ipige picha kwa simu. Asiyejua kuandika amwombe mtendaji wa kijiji au mtu anayemwamini. Kuanzia hapo shule ina jambo la kujibu, na halmashauri ina mtoto wa kuhesabu.

Kinachokosekana

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliweka utaratibu mahususi. Kila mtoto mwenye mahitaji maalumu ana mpango wake wa kujifunza ulioandikwa, mzazi hushiriki kuuandaa, na siku hizi asiporidhika anaweza kuomba msuluhishi au kusikilizwa na mtu asiyeajiriwa na shule. Hata huko migogoro haijaisha, lakini mzazi anajua mlango wa kubisha.

Kwetu hakuna chombo cha namna hiyo kwa ajili ya elimu maalumu peke yake. Mwalimu mkuu anayelalamikiwa ndiye mara nyingi anayepokea lalamiko. Sheria ya 2010 inazitambua kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zikiwa hai zingeweza kuwa mahali pa kukutanisha mzazi na shule. Uliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, kama kamati yenu ipo na ilikutana lini.

Kwa vijiji vinavyozunguka migodi mikubwa kuna swali jingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini, mgodi hukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii. Madarasa na zahanati hutajwa mara kwa mara. Choo chenye njia ya kiti mwendo, au mashine za nukta nundu, vitaingia humo iwapo kuna kijiji kilichoviomba.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza kwa kawaida huanza miezi ya mwisho ya mwaka. Anayejua mtoto aliyebaki nyumbani asingoje Januari. Jina lake liandikwe sasa, na kama shule itakataa, ikatae kwa maandishi.