Maji Yanayopanda Mlima



Likizo iliyopita tulifunga safari, familia chache za mtaa mmoja, kutoka Mombasa hadi Machakos kuwazuru jamaa zetu. Wenyeji wetu wakatupeleka Kyamwilu, karibu na kilima cha Kituluni, mahali palipopata sifa kwamba maji hupanda mlima.

Tulijionea wenyewe. Dereva aliliondoa gari kwenye gia, akaachia breki, nalo likajongea taratibu kuelekea kule tulikokuona ni juu. Kijana wa pale akamimina maji ya dumu juu ya lami. Yakafuata njia iyo hiyo. Tukasema Subhanallah. Waliokwisha kwenda Umra wakakumbuka lile bonde nje ya Madina ambako mahujaji huonyeshwa magari yakijiendesha, hata watu wakaliita Bonde la Majini.

Hapo dada yetu mmoja, ambaye mwanawe anaugua kwa muda mrefu, akatoa chupa na kuomba atiliwe maji yale. Alisema kwa sauti ya chini kwamba maji yenye ajabu kama hii huenda yakamfaa mtoto. Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Kijana wetu mmoja, fundi wa ujenzi, alikwenda garini akarudi na pima maji. Akailaza juu ya lami. Kiputo cha hewa, ambacho daima hukimbilia upande ulio juu, kilikwenda kule sisi tulikokuita chini. “Khalati,” akasema kwa adabu, “hapa ni mteremko. Maji yanashuka kama kawaida yake.”

Sababu yake ni hii. Jicho hupima mwinamo kwa kulinganisha na vilivyo kando yake. Pale ambapo vilima vimeuficha upeo wa mbali na ardhi yote ya kando imeinama, jicho hukosa kipimo cha kweli, na mteremko mdogo huonekana kama mwinuko. Bonde la Madina nalo ni hivyo hivyo, majini wanasingiziwa.

Kukosea kwa jicho si aibu. Katika Surat An-Naml tunasoma habari za Malkia wa Sabaa, aliyeingia katika kasri la Nabii Sulayman, alayhis-salaam, akaidhani sakafu ya vioo kuwa ni maji, akapandisha nguo yake. Alipoelezwa, aliukubali ukweli.

Dada yetu naye alinyamaza kitambo, kisha akafungua chupa na kuyamwaga yale maji. Ndipo machozi yakamtoka, akatueleza jinsi anavyokwenda kliniki peke yake kila wiki, na usiku anavyokesha bila msaidizi. Nasi tulikuwa tukimwona kila siku akitabasamu, tukadhani hana shida. Macho yetu yalikuwa yamedanganyika tangu Mombasa, kabla ya kufika Kyamwilu.

Tangu hapo tumepangiana zamu: huyu humsindikiza kliniki, yule humpikia. Dua tunaomba, na dawa mtoto anakunywa. Ametupa idhini ya kuyaandika haya bila kutaja jina lake.

Basi mwendapo Kyamwilu, washikeni watoto mikono, kwani ile ni barabara ya magari. Na mrudipo nyumbani, mpigieni hodi yule jirani anayetabasamu kila siku, mumwulize hali yake ya kweli.

Wabillahi tawfiq.