Ushujaa Peke Yake Haubomoi Boma

Sisi wa Singida tunakijua Kilimatinde, wilayani Manyoni, ambako Mjerumani alijenga boma la askari wake. Boma la namna hiyo lilikuwako Mahenge pia. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walilikabili uso kwa uso, pasipo kificho. Dawa ya maji haikugeuza risasi. Bunduki za rashasha ziliwafyeka kwa mamia.

Hawakupungukiwa ushujaa. Lakini huko Lugalo, mwaka 1891, Wahehe wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani njiani, nje ya boma, wakalivunja jeshi la Zelewski.

Twawaheshimu mashujaa wote. Hata hivyo twasema: kiongozi apelekaye watu ukutani bila shauri, hulipa kwa damu isiyo yake.