D1 si nafuu kwa kila nyumba

Wapo wenye friza za barafu na soda majumbani wanaong'ang'ania daraja la D1 la TANESCO. Wapige hesabu kwanza. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, D1 ni sh. 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi, kisha sh. 350. T1 ni sh. 292 tangu uniti ya kwanza. Uniti 400 ni sh. 121,250 kwa D1, sh. 116,800 kwa T1. Mizani hulingana kwenye uniti 323 hivi.

Faida ya D1 ni kwa nyumba isiyovuka 75, ambayo hulipa sh. 7,500 badala ya 21,900. Basi kama ni friza tu inayoivusha nyumba, tunaona biashara iombewe mita yake. Sh. 14,400 zinazookolewa kila mwezi zilinganishwe na gharama ya kuunganishiwa.