Dirisha la Kibla na la Suheli



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi, leo nataka kusema juu ya madirisha. Msicheke.

Mtu wa pwani yetu, awe Kismayu au visiwani kama kwetu Fuma, akijaaliwa kujenga siku hizi hupenda matofali ya saruji, mabati, na dirisha la kioo la kusukuma. Nyumba ikawa tanuri. Linalofuata ni pangaboi, kisha kiyoyozi, na umeme wa Kismayu ni wa makampuni ya binafsi, si rahisi hata kidogo. Aliye na sola naye, betri humzimikia kabla ya alfajiri.

Litazameni dirisha hilo. Kioo kimoja hupita nyuma ya mwenzake, kwa hivyo hata ukilifungua lote, nusu tu ndiyo iliyo wazi. Umelipia dirisha zima, umepata nusu ya upepo! Na jua hupenya kiooni, lakini joto lake halitoki upesi.

Wazee wetu wa baharini waliita kaskazini kibla, na kusini suheli. Kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa. Na kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua hupita utosini. Kuta zinazoungua ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri. Pepo nazo ni mbili: kaskazi hutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, na kusi hutoka kusini kuanzia Aprili hadi Septemba. Basi madirisha yawe ukuta wa kibla na wa suheli, yakitazamana. Anayejua anakoelekea kusali ameshapata nusu ya ramani.

Chumba kimoja cha chuo chetu kilikuwa na mlango na dirisha ukuta mmoja. Watoto walisinzia kabla ya adhuhuri, nami nikiwagombeza, Allah anisamehe. Fundi akatoboa ukuta wa pili. Pangaboi tulilokuwa tukilichangia halikununuliwa.

Kina mama watauliza: na sitara je? Wana haki, Mtume (S.A.W.) alikataza kuchungulia nyumba za watu. Lakini pazia zito huzuia upepo pamoja na macho. Tieni luva za mbao zilizoinama kwa nje: jicho na mvua havipiti, upepo unapita.

(Ndugu zetu walioko Uingereza shida yao ni kinyume: wao hutia vioo viwili vyenye hewa kati yake ili joto lisitoke.)

Israfu tunaikumbuka kwenye chakula na maji ya udhu tu. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf inaikataza, na baba anayelipa umeme kufukuza joto aliloliingiza mwenyewe kwa dirisha ajiulize.

Aliyekwisha kununua vioo asivitupe. Dirisha la magharibi alitilie kipenu cha makuti kwa nje, kisha amwite fundi atoboe upande wa suheli kabla kusi haijaanza.

Wabillahi tawfiq.