Wali wapanda Kinindo, hesabu ipo kwenye makaa

BUJUMBURA: Ukikaa mezani mchana hapa Kinindo, kusini mwa jiji karibu na ziwa, sahani utakayoletewa ni wali, maharage, lengalenga na, mfuko ukiruhusu, mukeke wa kuchoma.

Mahindi, maharage haya na muhogo asili yake ni Amerika. Kabla yake, mtama na ulezi ndivyo vilivyolisha watu wa pande hizi. Muhogo ulienea zaidi enzi za Wabelgiji, waliowalazimisha wakulima kuupanda kama akiba ya njaa. Kwa hiyo anayekwambia ugali wa muhogo ni chakula cha mababu anasema kweli, ila mababu wenyewe si wa zamani sana.

Zamani wali ulikuwa chakula cha sikukuu, au cha Buyenzi kwa Waswahili. Leo mjini ni chakula cha kila siku, na sababu kubwa kwa maoni yangu si ladha bali makaa. Maharage makavu yanaweza kuchemka saa mbili au tatu. Wali nusu saa umeiva. Makaa yakipanda bei, mama wa nyumbani anapiga hesabu hiyo kabla ya mchumi yeyote.

Hapo ndipo wanapoingia wenye malori. Mpunga unalimwa hapa uwanda wa Imbo, lakini soko la jiji hutegemea pia mchele wa Tanzania. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa, ingawa baadhi ya nchi huomba nafuu. Mchele wa Tanzania wenye cheti cha uasilia haulipi ushuru huo. Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha, hupata cheti rahisi pale pale mpakani. Ajabu ni wangapi bado wanampa dalali pesa kwa karatasi hiyo.

Hatari iko kwenye sarafu. Unanunua kwa shilingi, unauza kwa faranga, na Mei 2023 faranga ilishushwa thamani kwa kiwango kikubwa. Aliyekopesha maduka kwa mwezi mzima alirudi na fedha isiyojaza tena lori lile lile. Ongeza uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni: gharama ya kurudi ijumlishwe kwenye bei kabla ya kuvuka Kobero.

Samaki nao si wa kutegemea mwaka mzima. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwenye stoo kavu anaweza kuweka ndagala mapema, mradi akague unyevu.

Na maharage? Sidhani yataondoka Kinindo. Atakayeleta mjini maharage yaliyokwisha chemshwa, kwa bei ya mtu wa kawaida, atakuta mezani nafasi bado ipo.